Shahidi wa Jiwe: Usomaji wa Maandishi ya Makaburi ya Askari katika Majimbo ya Dola ya Roma

1. Utangulizi

Katika Kiarabu, neno shahid lina maana mbili zinazotuhusu hapa: mtu atoaye ushahidi, na jiwe linalosimamishwa kichwani pa kaburi. Makala haya yanazichukua maana hizo mbili kwa pamoja. Yanauliza: jiwe la kaburi la askari wa Roma aliyefia mbali na kwao linashuhudia nini mintarafu ya namna majeshi ya dola hiyo yalivyosambazwa majimboni? Na je, shahidi huyo aulizwe maswali ya namna gani ili asilazimishwe kusema asilolijua?

Swali la kwanza lina historia ndefu. Tangu juzuu la kwanza la mkusanyo mkuu wa maandishi ya Kilatini lilipochapishwa mjini Berlin mwaka 1863, wanahistoria wameyatumia mawe haya kama kadi katika sajili. Theodor Mommsen aliyatumia mwaka 1884 kueleza jinsi askari walivyoandikishwa. Giovanni Forni, mwaka 1953, aliorodhesha asili za askari wa legioni tangu Augusto hadi Diocletian, na J. C. Mann akaiendeleza kazi hiyo mwaka 1983. Hatuna nia ya kuwapuuza wataalamu hawa. Bila juhudi zao tusingekuwa na la kujadili. Hata hivyo, wengi waliowafuata wamelitazama jiwe kana kwamba ni nukta kwenye ramani: hapa amezikwa askari wa legioni fulani, basi hapa ndipo legioni hiyo ilipokaa.

Dai letu ni kwamba jiwe la kaburi ni matini kabla ya kuwa nukta. Lina mtunzi, ambaye kwa kawaida si marehemu. Lina hadhira, lina kaida za utanzu wake, na lina mambo ambayo utanzu huo hauyasemi. Mwanahistoria asiyezijua kaida hizo huenda akaisoma ramani vibaya. Kwa sababu hiyo suala hili linawahusu wahakiki wa fasihi kama linavyowahusu wachimbuaji wa magofu.

2. Kaida za Utanzu

Maandishi ya kaburi la askari wa karne ya kwanza B.K. hufuata mpangilio unaotabirika. Huanza kwa jina la marehemu, likifuatiwa na jina la baba yake. Kama alikuwa raia wa Roma, hutajwa pia kabila lake la upigaji kura, ambalo halikuwa ukoo bali kundi la kisheria, kisha mji wake wa asili. Baadaye huja cheo chake na kikosi chake, umri wake, na miaka ya utumishi. Mwishoni huwekwa herufi tatu, H S E, ambazo ni ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya "amelazwa hapa". Mara nyingi huongezwa jina la aliyelisimamisha jiwe: mrithi, ndugu, au mtumwa aliyeachwa huru na marehemu.

Kaida hizo zilibadilika kadiri wakati ulivyopita, na mabadiliko hayo ndiyo humpa mtafiti saa ya kupimia umri wa jiwe. Kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya kwanza, dua fupi kwa mizimu ya marehemu, yaani herufi D M, ilienea na kuchukua nafasi ya mwanzo. Aidha, raia wa mwanzoni mwa karne hiyo aliweza kutajwa kwa majina mawili tu, ilhali wa baadaye alikuwa na matatu. Hivyo basi, jiwe lisilotaja mwaka wowote laweza kukadiriwa umri kwa fani yake.

Umri wa marehemu unahitaji tahadhari. Gaius Saufeius, askari wa Legioni ya Tisa aliyezikwa Lincoln, ametajwa kuwa na miaka 40 na utumishi wa miaka 22. Titus Flaminius wa Legioni ya Kumi na Nne, aliyezikwa Wroxeter, ana miaka 45 na utumishi wa miaka 22 vilevile. Si vigumu kuona kwamba umri wao unaishia katika sifuri au tano, huku miaka ya utumishi ikiwa haikukadiriwa kwa namna hiyo. Sababu yake yaelekea kuwa wazi. Miaka ya kuzaliwa ilikuwa kumbukumbu ya mtu, na wenzake walimkadiria tu. Miaka ya utumishi ilikuwa hesabu ya mshahara, na jeshi liliiandika. Kwenye jiwe moja, basi, zinasikika sauti mbili: ya rafiki anayekisia na ya karani anayehesabu. Anayechunguza mienendo ya majeshi hana budi kumwamini zaidi karani.

3. Safari ya Legioni katika Jimbo la Britania

Tuchukue jimbo la Britania kama mfano, kwa kuwa historia yake ya kijeshi ina mwanzo unaojulikana. Kaisari Klaudio aliivamia nchi hiyo mwaka 43 B.K. Legioni nne, ya Pili Augusta, ya Tisa, ya Kumi na Nne na ya Ishirini, ndizo zinazohusishwa na uvamizi huo. Tacitus, mwandishi wetu mkuu, huzitaja legioni zinapopigana au zinapoasi. Mahali zilipolala usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, hakupaona kuwa jambo la kuandikwa. Pengo hilo linazibwa kwa sehemu kubwa na makaburi.

Mjini Colchester, mwaka 1868, lilipatikana jiwe la Marcus Favonius Facilis, akida wa Legioni ya Ishirini. Amechongwa akiwa amesimama na fimbo yake ya mzabibu mkononi, alama ya cheo chake. Jiwe lilisimamishwa na Verecundus na Novicius, watumwa aliowaacha huru. Legioni ya Ishirini baadaye ilijulikana kwa lakabu ya Valeria Victrix, na wataalamu wengi wanaihusisha heshima hiyo na ushindi dhidi ya uasi wa Boudica wa mwaka 60 au 61. Jiwe la Facilis halina lakabu hiyo. Kimya hicho, kikiunganishwa na yale yanayojulikana kuhusu kuhamishwa kwa legioni hiyo kutoka Colchester mnamo mwaka 49, kinaliweka jiwe katika miaka ya mwanzo kabisa ya utawala wa Roma.

Kule Wroxeter, karibu na mpaka wa Wales, hali ni hiyo hiyo. Flaminius tuliyemtaja, pamoja na Marcus Petronius, mbeba bendera kutoka Vicetia huko Italia, walikuwa wa Legioni ya Kumi na Nne Gemina. Legioni hiyo nayo ilipata lakabu mpya, Martia Victrix, baada ya uasi wa Boudica, na mawe yote mawili hayaitaji. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba legioni hiyo ilikuwa imekwisha kusogea magharibi kabla ya mwaka 61, jambo ambalo Tacitus hatuelezi waziwazi. Jiwe la Flaminius lina jambo la ziada kwa msomaji wa fasihi: baada ya taarifa za kijeshi, sauti hubadilika na marehemu huwageukia wapita njia, akiwakumbusha kwamba kuzimu hakuna zabibu wala maji, na kuwasihi waishi kwa heshima maadamu nyota yao ingali inawaka. Karani amenyamaza, sasa anasema mtu.

Lincoln inatupa mfano mzuri zaidi. Saufeius wa Legioni ya Tisa ana majina mawili tu, bila la tatu, dalili ya kale. Karibu naye amezikwa Titus Valerius Pudens, kijana wa miaka 30 kutoka Savaria, ambayo ni Szombathely ya leo huko Hungaria. Huyu alikuwa wa Legioni ya Pili Adiutrix. Legioni hiyo iliundwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 69 na 70, kutokana na mabaharia wa meli za kivita za Ravenna. Kwenye jiwe lake wamechongwa pomboo wawili na mkuki wa meno matatu, alama za bahari. Utumishi wake, kwa usomaji unaokubaliwa, ni miaka 6. Ikiwa aliandikishwa legioni ilipoundwa, alifariki mnamo mwaka 76. Kwa hesabu ndogo ya kutoa na kujumlisha, jiwe moja linatuambia kwamba Legioni ya Tisa ilikuwa imeondoka Lincoln, ya Pili Adiutrix imeingia, na bado haijahamia Chester, ambako makaburi mengine ya askari wake yalipatikana. Legioni ya Tisa yenyewe tunaifuata hadi York, alikozikwa mbeba bendera wake Lucius Duccius Rufinus, mwenyeji wa Vienne huko Gallia, akiwa na miaka 28. Hivi ndivyo makaburi yanavyoionyesha njia ya jeshi.

4. Kutoka Wapi, Kwenda Wapi

Jiwe la askari lina mahali pawili: alipozaliwa na alipozikwa. Umbali kati ya hizo nukta mbili ndio siasa ya dola. Askari wa legioni tuliowataja walikuwa raia, na katika karne ya kwanza wengi wao walitoka Italia, Gallia ya kusini na miji ya walowezi. Vikosi saidizi, ambavyo askari wake kwa kawaida hawakuwa raia, viliandikishwa katika mataifa yaliyotiishwa, na mara nyingi vikapelekwa mbali. Longinus Sdapeze, mwana wa Matygus, alizaliwa katika wilaya ya Sardica, ambayo ni Sofia ya leo huko Bulgaria. Akafa Colchester akiwa na miaka 40 na utumishi wa miaka 15 katika Kikosi cha Kwanza cha wapandafarasi wa Kithrasia, akilipwa mshahara maradufu.

Mfano wa pili ni wa mpiga upinde Tiberius Julius Abdes Pantera, ambaye jiwe lake lilipatikana Bingerbrück, kando ya mto Rhine, mwaka 1859, reli ilipokuwa ikijengwa. Alikuwa mwenyeji wa Sidon katika pwani ya Lebanoni ya leo. Alikufa akiwa na miaka 62, arobaini kati ya hiyo akiwa askari. Majina yake matatu ya kwanza ni wasifu kamili kwa ufupi. "Tiberius Julius" ni majina ya Kaisari Tiberio, aliyetawala kati ya mwaka 14 na 37, na yanaonyesha kwamba uraia wake ulitokana na mtawala huyo. "Abdes" lina mzizi wa Kisemiti uleule unaosikika katika Abdalla: mja, mtumishi. Dola ilimpa majina mapya, lakini lile la nyumbani halikufutwa. Aliyeandika jiwe aliona kwamba bila jina hilo marehemu hangetambulika.

Baadaye umbali huo ulipungua. Ushahidi ulio bora unatoka Afrika ya Kaskazini. Legioni ya Tatu Augusta ilikaa kwanza Ammaedara, yaani Haïdra katika Tunisia ya leo, kisha ikahamia Theveste, na hatimaye Lambaesis nchini Algeria, ambako Kaisari Hadrian aliihutubia mwaka 128. Makaburi na orodha za askari wake zinaonyesha kwamba mwanzoni wengi walitoka ng'ambo, lakini katika karne ya pili Waafrika wa miji ya jimbo hilo waliongezeka hadi kuwa wengi. Miongoni mwao wamo ambao mahali pa "mji wa asili" pameandikwa neno moja: kambini. Hawa walikuwa hasa wana wa askari. Sheria iliwakataza askari kuoa hadi mwanzoni mwa utawala wa Septimius Severus, yapata mwaka 197, ila mawe yalikuwa yamekwisha kuwataja wake na watoto kwa vizazi kadhaa. Panapotofautiana sheria na jiwe, jiwe ndilo linalotuambia watu waliishije.

5. Jiwe Linapodanganya, au Linapodhaniwa Kudanganya

Hadi hapa shahidi wetu ameonekana mwaminifu. Sasa tumhoji kwa ukali zaidi, kwani kuna angalau namna tatu za kumsoma vibaya.

Kwanza, askari hakuwa lazima azikwe ilipokaa legioni yake. Hapo hapo Wroxeter kuna jiwe la Gaius Mannius Secundus wa Legioni ya Ishirini, miaka 52, utumishi miaka 31. Jiwe halitaji lakabu ya legioni. Angekuwa nukta tu, tungelazimika kuihamishia legioni nzima Wroxeter katika miaka hiyo. Lakini cheo chake kinamweleza kuwa askari wa kazi maalumu, aliyeteuliwa kumhudumia kiongozi wa juu. Watu wa namna hiyo walisafiri huku na huko. Neno moja la cheo linaweza kuipindua ramani nzima.

Pili, jiwe laweza kushuhudia mapito badala ya makao. Huko Apamea nchini Syria yamepatikana mawe mengi ya askari wa Legioni ya Pili Parthica. Makao ya legioni hiyo yalikuwa Albano, karibu na Roma. Ilifika Apamea katika karne ya tatu pamoja na makaisari waliokwenda vitani mashariki, ikakaa huko wakati wa baridi, na kuwaacha wafu wake. Kinyume chake ni Tiberius Claudius Maximus, mpandafarasi aliyemkamata mfalme Decebalus wa Dacia. Jiwe lake, lililochapishwa na Michael Speidel mwaka 1970, lilipatikana karibu na Filipi huko Ugiriki, si Danube alikopigana. Alilitengeneza mwenyewe akiwa hai, baada ya kustaafu. Hapa jiwe linaonyesha mahali askari aliporudi, na safari yake yote imo ndani ya maneno.

Tatu, kuna makaburi yasiyo na maiti. Karibu na Xanten, Ujerumani, mwaka 1620, lilipatikana jiwe la Marcus Caelius, akida wa Legioni ya Kumi na Nane, mwenyeji wa Bologna, miaka 53 na nusu. Jiwe linasema aliangamia katika vita vya Varus, yaani maangamizi ya mwaka 9 B.K. ambamo legioni tatu ziliteketezwa katika misitu ya Germania. Lilisimamishwa na ndugu yake Publius. Maiti haikupatikana, ndiyo maana limeongezwa sharti kwamba mifupa inaruhusiwa kuingizwa. Umri huo wenye nusu mwaka ndani yake ni wa mtu aliyehesabiwa na ndugu, si na jirani wa kambini.

Kule Chester kuna jiwe la ofisa mdogo aliyekuwa akisubiri kupandishwa cheo kuwa akida. Alikufa maji baada ya meli kuvunjika. Mwishoni mwa maandishi imewekwa S na E, lakini ile H, yaani "hapa", haipo. Nafasi yake imeachwa wazi. Wasomaji wengi wameifasiri nafasi hiyo kuwa tumaini: mwili ukipatikana na kuzikwa, herufi itachongwa. Haikuchongwa kamwe. Anayehesabu nukta ataandika "askari mmoja, Chester". Anayesoma matini ataona kwamba jiwe lenyewe linakataa kusema "hapa".

6. Uso wa Longinus

Tumrudie Longinus, kwa sababu kisa chake kinatuhusu sisi wasomaji kuliko kinavyowahusu Warumi. Jiwe lake lilichimbuliwa mwaka 1928 bila uso. Amepanda farasi, na chini ya kwato amejikunyata adui aliye uchi. Kwa miongo mingi ilielezwa kwamba uso ulivunjwa na wafuasi wa Boudica walipouteketeza mji. Maelezo hayo yalipendeza: adui aliyekanyagwa kwenye picha alikuwa ameinuka na kulipiza kisasi. Jiwe likasomwa kupitia kitabu cha Tacitus.

Mwaka 1996 uso huo ulipatikana palepale jiwe lilipokuwa limechimbuliwa. Tangu hapo ufafanuzi wa Boudica umeporomoka, na yaelekea sana kwamba uharibifu ulitokea wakati wa uchimbaji wenyewe. Funzo lake ni zito. Msomaji aliyekwisha kuwa na hadithi huitafutia dalili, na dalili hazikosekani. Uasi ule ulitokea kweli, na mji uliungua kweli. Lakini jiwe hili halikuwa shahidi wake.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mawe ya makaburi yanatuwezesha kufuata mienendo ya majeshi ya Roma pale ambapo wanahistoria wa kale walinyamaza, na kwamba yanatuwezesha hivyo kwa sababu ya kaida zao: lakabu iliyopo au isiyopo, jina la tatu, hesabu ya mishahara, herufi moja iliyoachwa. Pia tumeonyesha kwamba kaida hizo hizo zikipuuzwa, jiwe huzalisha ramani ya uongo.

Imebaki tahadhari moja. Mawe tuliyonayo ni ya waliokuwa na warithi, fedha, na mawe ya kuchonga. Mengi ya Chester yalisalia kwa kuwa yalitumiwa tena kujengea ukuta wa mji, na hayakuonekana hadi ukuta huo ulipokarabatiwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Pasipo na mawe hatuna haki ya kusema hapakuwa na askari. Wala hatupaswi kusahau kwamba jeshi lilikuwa na watu wengine ndani yake. Huko South Shields amezikwa Victor, Mmauri wa Afrika ya Kaskazini, aliyefariki akiwa na miaka 20. Aliachwa huru na Numerianus, mpandafarasi wa Kikosi cha Kwanza cha Waasturi. Hakuna hesabu ya mishahara kwenye jiwe lake, kwani hakulipwa. Katika jedwali la legioni na vikosi Victor hana safu. Naye pia alipelekwa mpakani na dola hiyo hiyo, na umbali aliosafiri haukuwa mfupi kuliko wa askari aliyemmiliki.